Gitaa la Mshipi

Kaka yangu aling'oa freti za gitaa lake kwa koleo, barazani kwetu Tabata, Jumapili moja baada ya ibada, akiwa bado na shati la kanisani. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Ukibonyeza waya nyuma ya chuma, waya unajua noti yake. Kaka alivichomoa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya sinia la mama la kuchambulia mchele, na kila kimoja kilipotoka mbao ilitoa mlio wa kuumia. Mama akaja mlangoni na mwiko mkononi. Akatazama gitaa, akatazama sinia.

"Umeliua," alisema.

"Sijaliua, mama. Nalifungua."

"Na sinia langu?"

Kaka akachomoa kingine. Mama akarudi jikoni, na mimi nikabaki nimekaa kwenye ngazi, natazama ile shingo tupu yenye mifereji kama ya mtu aliyekunjua paji la uso baada ya kuwaza miaka mingi.

Chanzo cha koleo lile kilikuwa wimbo. Rafiki yake kaka, mpiga ngoma wa bendi yetu ndogo, kijana wa Temeke aliyekulia kwenye kutengeneza biti za singeli, ule muziki wa mbio wa uswahilini, alikuwa amemtumia video ya bendi moja ya mbali. Wanapiga roki ya saikedeliki, ile ya magitaa yanayoelea ndani ya mwangwi mpaka unasahau wimbo ulianzia wapi. Lakini bendi hii ilikuwa imefanya jambo la ziada. Walikuwa wameongeza freti katikati ya freti. Pale ambapo gitaa la kawaida linaruka kutoka noti hadi noti, wao walisimama kwenye nafasi iliyorukwa, wakakaa humo, wakajenga.

Nililala sakafuni, kaka kwenye kitanda, tumegawana hedifoni sikio moja moja. Ilikuwa saa ya joto kali, bati juu yetu linapasuka kwa jua. Wimbo ulipoanza nilidhani simu imeharibika. Halafu nikadhani mimi ndiye niliyeharibika. Gitaa lilipanda kwenda kwenye noti niliyoitarajia, likasimama kabla ya kufika, na badala ya kunikera likanifungulia chumba. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo. Ni kama umeishi katika nyumba maisha yako yote, halafu siku moja unaegemea ukuta kati ya sebule na jikoni, ukuta unasogea, na nyuma yake kuna ua mpana wenye mwanga ambao hukuwahi kuambiwa. Nywele za mikono yangu zilisimama. Nilimtazama kaka, macho yake yalikuwa yamejaa maji na alikuwa anacheka.

"Rudisha," nilisema.

"Nimesharudisha mara ngapi leo? We subiri, kuna nyingine."

Kulikuwa na nyingine nyingi. Wiki zilizofuata tuliishi humo. Bendi moja ilikopa ngazi za muziki za Waturuki ikazipitisha kwenye amplifaya hadi zikatoa moshi. Nyingine ilituni upya kinanda kizima, kikawa kama mtu aliyelewa anayesema kweli. Watu wa nchi za mbali, wenye nywele ndefu na mashati ya maua, walikuwa wanatafuta kwa juhudi kubwa sauti zilizojificha katikati ya vitufe, na sisi tulikuwa tunawasikiliza Tabata huku jirani anakaanga vitumbua.

Ni mama aliyetufumbua macho, na hakukusudia. Kaka aliweka wimbo mmoja kwenye spika, mchana, mama akiwa jikoni anakuna nazi. Gitaa lilipofika pale penye ile noti isiyo na jina, tulisikia mtu mwingine ameshafika. Mama alikuwa anaufuatisha wimbo kwa sauti ya puani, taratibu, kwa mdundo wa mbuzi yake ya nazi. Alikuwa amesimama mahali palepale pasipo na chuma. Hakukosea hata mara moja. Kaka akazima spika ghafla, na sauti ya mama ikabaki peke yake hewani, ikamalizia mstari, ikanyamaza.

"Mbona mmezima?" aliuliza kutoka jikoni. "Hao wanaimba kama watu."

Inabidi nieleze habari ya mama na kuimba. Yeye ni Mgogo wa vijijini Dodoma. Alikuja Dar es Salaam akiwa mwalimu wa shule ya msingi, akajiunga na kwaya ya kanisa letu, na siku hizo kwaya iliimba bila chombo isipokuwa ngoma. Alikuwa ndiye anayeanzisha nyimbo. Kisha kwaya ikapata kinanda cha umeme na mwalimu mpya wa muziki, mtu mpole tu, na yule mwalimu akagundua kwamba mama yuko chini kidogo ya kinanda. Alimwambia kwa adabu. Akamwambia tena. Mama akajaribu kupanda, akashindwa. Alipopanda alihisi anadanganya, ndivyo alivyotuambia. Mwisho akaombwa asimame mstari wa nyuma. Amesimama huko tangu nikiwa mtoto mdogo. Anavaa sare, anayumba na wenzake, anafungua mdomo, na hakuna sauti inayotoka. Nilikuwa nimekaa karibu naye siku moja ndipo nikajua. Mama yangu anaimba kanisani kwa midomo tu, kwa sababu aliamini kwamba ana kasoro.

Kwa hiyo kaka alipokwenda jikoni na kumwomba aimbe na bendi yetu, hakuwa anaomba kitu kidogo.

"Mniimbishe na chombo tena?" mama alisema. "Niambiwe tena niko chini?"

"Gitaa ndilo litakalokufuata wewe, mama. Siyo wewe ulifuate."

Mama aliendelea kukuna nazi. Ukutani sebuleni, pembeni ya saa, ilining'inia ilimba ya babu, baba yake mama, aliyeiunda kwa mikono yake. Ilimba ni marimba ya mkononi ya Kigogo: kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma unavyovibonyeza kwa vidole gumba. Ile haiteremshwi ukutani na mtu yeyote ila mama. Hakuna aliyeweka sheria hiyo, tulizaliwa tukaikuta.

"Gitaa lako likijua kusema kama ilimba ya baba," mama alisema, "nitaimba. Mara moja. Lisipojua, basi mniache na mstari wangu wa nyuma, msinirudie tena na habari hizi."

Ndiyo sababu ya koleo.

Mama aliiteremsha ilimba, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akakaa kwenye kochi. Mpiga ngoma alimshikia simu karibu na chombo kama mwandishi wa habari aliyempata waziri. Alipiga kijiti kimoja kimoja, kutoka kile kirefu hadi kile kifupi, kisha wimbo mzima, kisha akairudisha ukutani. Mpiga ngoma akaondoka na ile rekodi kwenda kuisafisha kwenye kompyuta yake Temeke, akaturudishia ikiwa imekatwa vizuri, inang'aa.

Kazi iliyofuata niliipenda kuliko kazi zote nilizowahi kufanya kwa mikono. Tulinunua mshipi mnene wa kuvulia samaki kwenye duka moja Msasani, tukaufunga kuzunguka shingo ya gitaa, fundo nyuma, freti ya mshipi inayoweza kusogezwa. Kaka alicheza kijiti cha kwanza cha rekodi, akatuni waya kwa hicho, kisha tukasogeza mshipi kwa ukucha, unywele kwa unywele, hadi kijiti cha pili na waya viliposema kitu kimoja. Kisha cha tatu. Simu ilikuwa na programu ya kutuni, yenye mshale unaogeuka kijani ukipatia na mwekundu ukikosea. Kwetu ulikuwa mwekundu mchana kutwa.

"Inasema tumekosea," nilimwambia kaka.

"Vizuri sana. Endelea."

Na kitu kilichonishangaza, hadi leo kinanishangaza, ni kwamba ule wekundu ulikuwa na mpangilio. Noti moja ya ilimba, ile ya juu kidogo, ilikaa chini ya mahali ambapo kinanda kingeiweka. Haikuwa chini kwa sababu babu alichoka kugonga chuma. Kila ilipojirudia ilikuwa chini kwa kiasi kilekile. Mtu aliyekaa chini ya jua la Dodoma na kipande cha msumari na jiwe alikuwa ameisikia ile nafasi, ameijua, ameiweka hapo. Niliposoma baadaye nikakuta wataalamu wanasema ni sauti inayozaliwa yenyewe ndani ya kila waya unaotikisika, ya saba katika uzao wake, na kwamba kinanda cha kisasa hakina mahali pa kuiweka. Nilisoma hayo nikafunga kitabu nikatoka nje kutembea. Mama alikuwa chini ya kinanda kwa kiasi hichohicho.

Kitu kimoja tu kilitusumbua. Nyaya zilikaza mno, kama kamba ya kuanikia magodoro, na mmoja ulikatika ukamchapa kaka shavuni. Tukasema labda ndivyo magitaa ya namna hii yalivyo.

Jumamosi mchana mama akaja kwenye banda la nyuma ya nyumba tunapofanyia mazoezi. Alikuwa amevaa kitenge kizuri. Nililitambua hilo: amevaa kwa ajili yetu.

"Shikamoo mama," mpiga ngoma alisimama kutoka kwenye kigoda chake.

"Marahaba, baba. Hujambo? Naona leo umechana nywele."

"Kwa ajili yako, mama. Kwa hawa wengine nakujaga hivyohivyo."

Tulicheka, kaka akapiga. Gitaa la mshipi lilitoa sauti laini, isiyo na ukali wa chuma, yenye mwangwi wa pedali ya mguuni nyuma yake, na ngazi ilikuwa ileile ya babu. Mtu yeyote angeijua. Mama alitabasamu. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Sauti haikuingia. Ilianza, ikagonga kitu, ikapanda, ikakwaruza. Akanyamaza, akasubiri mzunguko, akajaribu tena. Safari hii alipanda kwa nguvu na nikaona mishipa ya shingo yake. Alifika, lakini kama mtu anayening'inia. Kaka aliendelea kupiga, uso wake umebadilika. Mara ya tatu mama hakujaribu. Alilaza mikono kwenye mapaja.

"Acha," alisema. "Gitaa lako halina kosa. Ni lilelile la siku zote. Mimi ndiye niliyeko chini."

Akanyanyuka, akatoka, na tukasikia mlango wa jikoni.

Kaka alilikumbatia gitaa kama mgonjwa. Mimi nilitoka, nikaenda sebuleni, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: niliiteremsha ilimba ukutani. Nilirudi nayo bandani nikabonyeza kijiti kirefu. Kaka akapiga waya wake wa kwanza. Havikuwa kitu kimoja. Havikukaribiana hata. Gitaa lilikuwa juu, juu kabisa, ngazi nzima imehamishwa kama nyumba iliyoinuliwa na watu ikawekwa juu ya meza.

"Haiwezekani," kaka alisema. "Nimetuni kwa rekodi. Rekodi ni ya hiyohiyo."

Tukamgeukia mpiga ngoma. Alikuwa anatazama vijiti vyake vya ngoma.

"Daah," alisema.

"Daah nini?"

"Braza, usinipige. Unajua mie kitu kikiingia kwenye kompyuta yangu... mkono unaenda wenyewe. Niliisikiliza nikaona imelala. Nikaikimbiza kidogo."

"Umeikimbiza!"

"Kidogo tu! Ya singeli naikimbizaga zaidi ya hapo. Ile niliichangamsha tu, ipate uhai."

Kaka alifumba macho. Anayeijua singeli anaelewa: hakuna kinachoachwa kwenye mwendo wake, ngoma, sauti, taarabu ya mtu, kila kitu kinasukumwa hadi kitoe jasho. Na ukiisukuma rekodi hivyo, sauti nayo inapanda. Nafasi kati ya noti zilibaki sawasawa, ndiyo maana tuliitambua ngazi ya babu. Lakini yote ilikuwa imepandishwa mahali ambapo koo la mama haliishi. Tulikuwa tumejenga kwa mishipi na kucha, kwa uangalifu mkubwa, kinanda kingine cha kumwambia yuko chini.

"Nenda kamwambie," kaka alisema.

"Mie?"

"Mimi ndiye niliyeikimbiza?"

Nilimfuata mpiga ngoma hadi mlango wa jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele, mgongo umetugeukia. Mpiga ngoma alisimama kizingitini, mtu mwenye mabega mapana, amekunjamana kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, kosa ni langu. Siyo lako. Nimeharibu rekodi, nikaipeleka mbio, gitaa likatuniwa juu. Uliimba sawa, mama. Sie ndio tulikuwa juu."

"Usinifariji, baba. Mimi mtu mzima."

Mpiga ngoma akatoa simu. Mwanzoni mwa rekodi, kabla ya ilimba, mama alikuwa ameongea. Maneno hayo aliyakata alipotuletea, lakini ile ya asili alikuwa nayo. Akaicheza. Sauti ya mama ikasema, pole na nzito: haya, umewasha, nianze? Halafu akaibonyeza, akaicheza ikiwa imekimbizwa. Kisauti kikatoka kama cha kuku: haya-umewasha-nianze?

Mama aligeuka.

"Huyo nani?"

"Ni wewe, mama. Baada ya mimi."

"Rudia."

Akarudia. Mama alicheka mpaka akaweka sinia chini, akajifuta macho kwa kanga. "Sasa ningemwimbia nani na kisauti hicho? Vifaranga?" Kisha kicheko kikaisha, akabaki anaitazama simu, na nikaona wazo linamfikia taratibu. Alinawa mikono.

"Nilisema mara moja," alisema. "Ile ya kwanza siihesabu."

Bandani, kaka alikuwa ameshalegeza nyaya zote. Zilipoteremka hadi kwenye kijiti cha babu zililegea sana, zikaanza kugusa mishipi na kuvuma, kila noti ikifuatwa na kanyuki. Alikuwa anahangaika kuinua nyaya ili mvumo uondoke. Mama aliichukua ilimba kutoka mikononi mwangu bila kuuliza nani aliiteremsha, akaigeuza, akatuonyesha vitundu viwili kwenye kisanduku, vimezibwa kwa utando wa buibui. Akabonyeza kijiti. Nayo ilivuma.

"Baba aliuweka huo mwenyewe," alisema. "Bila huo alisema chombo ni kikavu. Liache hivyohivyo."

Akaanza yeye, na ilimba mapajani. Kaka akaingia chini yake. Mpiga ngoma alipiga kwa viganja tu, taratibu kuliko alivyowahi kupiga chochote. Kisha mama akafungua mdomo, na sauti ikatoka pana, imepumzika, sauti ya mwanamke mkubwa anayekaa katika nyumba yake. Ilifika kwenye ile noti ya saba, waya wa gitaa ukaikuta hapo, kijiti kikaikuta hapo, na ule mtetemo mdogo unaokuwepo siku zote kati ya sauti mbili, ule ambao hatuusikii kwa sababu hatujawahi kuukosa, ukakoma. Kila kitu kikawa kimoja. Na chini ya kile kimoja ikaja sauti nyingine.

Ilikuwa nzito, ya chini sana. Niliihisi kwenye meno kabla ya kuisikia. Haikutoka kwenye spika, kwa sababu niliweka kiganja changu kwenye spika na haikuwemo. Mpiga ngoma aliacha kupiga akatazama chini ya kigoda chake.

"Nani anapiga besi?" alinong'ona.

Hatukuwa na besi. Mama aliendelea kuimba, macho yamefumba, na kila alipohama noti ile sauti ya chini nayo ilihama, kubwa na tulivu, kama kitu kinachotembea chini ya sakafu kikitufuata. Nilikuwa nimesikiliza bendi zile zote za mbali. Hakuna iliyonifikisha hapo. Kaka alikuwa analia bila kujificha, vidole vyake havikuacha kazi.

Wimbo ulipokwisha sauti ile ikazima papo hapo, na banda likawa banda tena, na bati, na kelele za watoto njiani.

"Mama," nilisema, "umeisikia?"

"Ipi, ya chini?" Alisema kama mtu anayeulizwa habari za jirani. "Bibi yenu na wenzake walikuwa hawaanzi kucheza mpaka waisikie hiyo. Hakuna anayeipiga. Watu wakikaa sawasawa inakuja yenyewe." Alipitisha kidole juu ya vijiti vya ilimba bila kuvibonyeza. Aliposema tena alisema polepole, na siyo kwetu. "Basi nilikuwa sawasawa."

Jumapili iliyofuata kwaya ilisimama, mama mstari wa nyuma kama kawaida. Kinanda kikaanza. Wakaimba mstari wa kwanza, na wa pili, na katika wa tatu nikasikia sauti inapita juu ya vichwa vya watu, pana, imepumzika, chini ya kinanda kwa kiasi kilekile. Watu waligeuka. Mwalimu wa muziki aliinua uso kutoka kwenye vitufe. Kati ya sauti ya mama na kinanda hewa ilikuwa inatetemeka, inameremeta, mtetemo uleule ambao watu wa mbali wameutafuta kwa kuongeza vyuma kwenye magitaa yao, na ulikuwa unapita juu ya mabenchi ya kanisa la Tabata, saa nne asubuhi. Mwalimu alisubiri mama apunguze sauti. Mama hakupunguza.